Daftari la mafuriko na daftari la madeni

Mezani kwangu kuna madaftari mawili. La kwanza lina jalada la kijani, ni la kikundi chetu cha VIKOBA, cha kuweka na kukopeshana, na mimi ndiye katibu tangu mwaka 2019. La pili ni kaunta buku niliyokabidhiwa na mtendaji wa kijiji Januari 2024, asubuhi ya pili baada ya maji kuingia mbugani. "Mama, mwandiko wako unasomeka," aliniambia. "Tuandikie waliopatwa." Nikaanza kuzunguka na kalamu, viatu mkononi, tope magotini.

Siku ya tatu niliona jambo ambalo sijaacha kuliwaza mpaka leo. Majina niliyokuwa nayaandika kwenye kaunta buku niliyajua kwa mpangilio wake. Yalikuwa yale yale ya ukurasa wa mikopo kwenye daftari la kijani.

Kwa asiyepajua kwetu: sisi ni wa wilaya ya Bahi, magharibi ya Dodoma mjini, barabara ya Singida. Ukitoka mjini unafika mahali ardhi inashuka, ule ukingo wa Bonde la Ufa, na chini yake imelala mbuga pana. Mto Bubu unatoka huko juu Kondoa na kuja kumwagika hapo. Ndiyo maana maji yetu mengi ni ya mvua ya watu wengine. Mbingu inaweza kuwa safi juu ya paa lako, na usiku maji yakakuta umelala, kwa sababu yalinyesha juzi milimani.

Lakini mbuga hiyo hiyo ndiyo mama yetu. Dodoma inapata mvua ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na mwaka mwingine haifiki hata milimita 500. Huko juu kwenye kichanga unalima uwele, mtama, karanga, alizeti, na unaomba Mungu. Chini mbugani unalima mpunga. Ekari moja ya majaruba ikikubali, unasomesha mtoto. Mchele wetu unauzwa Soko la Majengo mjini, na wanaoujua huuulizia kwa jina la Bahi. Mtu anayesema kwamba sisi tunalima bondeni kwa ukaidi hajawahi kupalilia karanga kwenye jua la mwezi wa pili halafu akavuna debe mbili.

Na maneno hayo tuliambiwa. Wiki ya kwanza alikuja kiongozi mmoja na msafara wa magari matatu. Alikuwa na huruma, sitasema uongo, alishika mikono ya wazee na kuwapa pole. Ila aliposimama kuzungumza alisema, "Mliambiwa mhame bondeni. Serikali haiwezi kila mwaka kubeba mzigo wa mtu anayejenga kwenye njia ya maji." Watu wakanyamaza. Mimi nilikuwa nimekaa mbele na kaunta buku langu, na nataka niseme ukweli: moyoni nilimkubalia. Nimelelewa na baba aliyekuwa akisema msaada unakula mkono unaoupokea. Nilikuwa nimewaonya watu wangu wenyewe, akiwemo shangazi yangu, kwamba Mamlaka ya Hali ya Hewa imeshatangaza tangu Agosti 2023 kwamba kuna dalili za El Niño. Redioni walirudia, kwenye simu walirudia, msikitini na kanisani tulitangaziwa.

Akasimama mzee mmoja, mjomba wa mume wangu, ana zaidi ya miaka 80. Akaamkia kwanza, "Mbukwenyi," kwa adabu zote, akamshukuru mgeni kwa kufika. Kisha akasema: "Mheshimiwa, huko juu tulishawahi kuhamishiwa. Mimi nilikuwa kijana. Walikuja na malori, wakatutoa mbugani wakatupanga barabarani, mistari minyoofu. Nyumba tukajenga juu, mashamba yakabaki chini. Saa mbili kwenda, saa mbili kurudi. Ndege wakala mpunga, wezi wakavuna. Tukaanza kujenga kibanda cha kuamia. Kibanda kikapata jiko. Jiko likapata mke. Ndivyo tulivyorudi, polepole, na hakuna aliyekaa kikao kuamua."

Alikuwa anasimulia Operesheni Dodoma ya miaka ya 1970 na 1971, wakati mkoa wetu ulipokuwa wa mwanzo mwanzo kuhamishwa kwa wingi kwenda vijiji vya ujamaa. Sijaleta habari hiyo kumshitaki yeyote. Watu walipata shule na zahanati kwa kukaa pamoja, mimi mwenyewe nilisoma kwenye shule hiyo ya barabarani. Nasema tu kwamba nyumba iliyoanguka usiku ule haikuanza kujengwa mwaka jana, na hakuijenga mtu mmoja aliyeamka akaamua kuwa mpumbavu.

Kuamia ndege nako wengi hawakujui. Kwelea kwelea wakitua kwenye mpunga unaokomaa, wanakuja kama wingu, na asubuhi moja inatosha. Serikali huleta ndege ya kunyunyizia dawa mazalia yao, na siku ile ndege ikipita watu hushangilia kweli kweli. Lakini kati ya kutoa taarifa na ndege kufika, unalala shambani, unapiga debe, unarusha kombeo, pamoja na watoto. Ukilala shambani miezi miwili kila mwaka, utajenga. Hata wewe utajenga.

Shangazi yangu alikuwa na tembe mbugani. Tembe la Kigogo lina paa bapa la udongo juu ya magogo na fito, kuta za miti na udongo, baridi mchana na joto usiku. Ni nyumba iliyobuniwa na watu wanaoijua nchi yao, nchi ya mvua kidogo. Ikinyesha siku tano mfululizo, paa linakunywa maji na kuwa zito, kuta zinalainika kwa chini, na nyumba inakaa chini kama ng'ombe aliyechoka. La shangazi lilikaa chini saa tisa usiku. Alikuwa ameshatoka, mjukuu wake wa miaka saba alimwamsha kwa sababu alihisi godoro limelowa. Walisimama juu ya tuta la jaruba mpaka kulipopambazuka, wakiwa wameshikana na mbuzi mmoja. Mbuzi wengine wanne hatukuwaona tena.

Hakuna aliyekufa kijijini kwetu. Namshukuru Mungu kwa hilo kila siku. Lakini nimeona pia maana yake. Mwezi mmoja tu kabla, tarehe 3 Desemba 2023, matope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang na kufunika Katesh, jirani zetu wa Manyara. Nchi nzima ililia, Rais alikatisha safari yake ya nje, vikosi vikaenda, na baadaye Serikali iliwajengea nyumba waliopoteza makazi. Ilikuwa haki yao. Miaka michache nyuma, baada ya tetemeko la Kagera la Septemba 2016, neno lilikuwa jingine: Rais Magufuli alikwenda Bukoba Januari 2017 akawaambia wananchi kwamba Serikali itarudisha shule, vituo vya afya na barabara, nyumba ya mtu atajenga mwenyewe. Watanzania hao hao, Serikali hiyo hiyo, majibu mawili. Sisi tulikuwa maafa ya katikati, yasiyo na maiti, yasiyo na kamera. Aprili 2024 Waziri Mkuu alipoliambia Bunge pale mjini Dodoma kwamba mvua za msimu ule zimeua watu 155 na kugusa kaya zaidi ya 51,000 nchini, nilikuwa nasikiliza redio nikipepeta mchele. Nilijua kwamba sisi tupo ndani ya ile namba ya pili.

Msaada ulikuja. Naomba hili lisisomwe kwa haraka, maana wapo wanaodhani kila anayeandika juu ya maafa anataka kuitukana Serikali. Mahindi yalifika ndani ya siku chache kabla watu hawajaanza kula mbegu. Maharage yalifika, na magodoro, ndoo, mablanketi, dawa za kutibu maji ya kunywa. Watoto walilala darasani na walimu hawakulalamika. Nimewahi kusikia kwa bibi, naye alisikia kwa mama yake, habari za Mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo baada ya vita vya kwanza vya dunia. Wajerumani walichukua ng'ombe na nafaka kulisha askari wao, Waingereza walipoingia mwaka 1916 nao wakachukua, wanaume wakabebeshwa mizigo ya vita, ndipo mvua ikagoma. Watu walitembea kwenda kuhemea na hawakurudi. Bibi alisema mama yake alikuwa akilisema neno Mtunya kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja jina la marehemu usiku. Kwa hiyo mimi nikiona lori linaleta mahindi badala ya kuja kuyachukua, sidharau.

Ila fomu ile.

Tathmini ilikuwa na safu zake. Jina la mkuu wa kaya. Idadi ya watu. Nyumba: imeanguka, imeharibika. Mifugo. Ekari zilizosombwa. Chakula kilichopotea. Niliijaza kaya moja baada ya nyingine, na kila nikimaliza, mwenye kaya alikuwa ananisogelea na kuuliza kwa kunong'ona, "Na la kikundi, katibu?" Wa kwanza nilimjibu hilo tutalizungumza siku ya kikao. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu alikuwa mke wa mtoto wa shangazi, na yeye hakuuliza kwa kunong'ona. Alisema, "Dada, nyumba nitaikalia hata ya turubai. Nina marejesho Jumamosi."

Kikundi chetu kina watu 25. Kila wiki unanunua hisa, shilingi 2,000 moja, zisizozidi tano, na shilingi 1,000 ya mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na magonjwa. Desemba, ndipo tunakopeshana kwa wingi, kwa sababu ndipo trekta linahitajika, na vibarua wa kupandikiza, na mbolea. Tunatoza asilimia 10 kwa mkopo wa miezi sita, na faida inarudi kwetu sote siku ya kuvunja, yaani ya kugawana mwisho wa mwaka. Desemba 2023 watu tisa wenye majaruba mbugani walikopa jumla ya shilingi 4,350,000. Fomu tisa. Zote zina sahihi yangu.

Hapa ndipo ninapokaa usiku. Nilikuwa nimesikia utabiri. Nilikuwa nimewaonya watu wahame. Na kwenye kikao nilisoma fomu tisa za mikopo ya kulima mahali pale pale nilipowaambia wahame, nikauliza tu kama wadhamini wapo, nikasaini. Kwa nini? Kwa sababu mpunga ndio unaolipa. Kikundi kingeishi kwa riba ya nani, ya wauza maandazi? Faida yangu ya mwisho wa mwaka ilikuwa ndani ya majaruba yale kama ya wao. Tunaposema wajibu wa mtu binafsi tunamwangalia aliyejenga bondeni. Mkopeshaji hatazamwi, wala anayekula mchele, wala sisi wa nyumba za juu tunaosubiri mgao. Maji yalipokuja wote tulikuwa mbugani, ila wengine tulikuwa tumetuma pesa tu.

Kikao cha Jumamosi ile kilichukua saa tano. Tulikaa chini ya mwembe wa mwenyekiti. Nilipendekeza tusimamishe marejesho ya wale tisa mpaka mavuno ya mwaka unaofuata, riba isiongezeke hata shilingi, na fedha za mfuko wa jamii zinunue mbegu ya mpunga wa muda mfupi ili waliobakiwa na majaruba wapande tena kabla Februari haijaisha.

Mama mmoja, mwenzetu wa siku nyingi, muuza mboga, alipinga. Nimeandika maneno yake kwenye muhtasari na nayarudisha hapa kwa sababu yalikuwa maneno ya haki. "Mimi sina jaruba. Sijawahi kulima mbugani kwa kuogopa maji. Nimeweka hisa zangu kwa mchicha, kichwani, jua linaniwakia. Mkivunja mgao wangu mnaniadhibu mimi niliyeogopa."

Hakuna aliyemcheka. Mwenyekiti alimwuliza, "Sasa dada yangu, unashauri nini?"

"Walipe kidogo kidogo. Hata elfu tano. Ili wasisahau kwamba ni deni."

Tulibishana. Mmoja akasema watatoa wapi elfu tano, wauze mahindi ya msaada? Akajibiwa kwamba tayari kuna wanaoyauza. Ilikuwa kweli, nami nilijua nani, na nilijua pia kwamba ameuza debe moja kununua dawa ya mtoto. Mwisho tukakubaliana nusu ya alilosema na nusu ya nililosema mimi: riba inasimama, marejesho yanasimama, lakini kila mmoja wa wale tisa anahudhuria kila kikao, anasimama, anataja deni lake kwa mdomo wake, anakaa. Mfuko wa jamii ulikuwa na shilingi 640,000. Tukatoa 315,000, tukanunua kilo 90 za mbegu ya SARO 5.

Wazo la kutaja deni kwa mdomo lilikuwa la yule mama wa mchicha. Niliona ni kali mno siku ile. Leo naona ndilo lililotuokoa, kwa sababu anayedaiwa akianza kukwepa kikao, hapo ndipo kikundi hufa.

Mbegu za msaada zilifika pia, mtama wa Macia, mbegu nzuri inayokomaa upesi. Zilifika mwishoni mwa Machi. Kwetu mwishoni mwa Machi mvua inaaga. Watu walizipokea kwa shukrani, wakaweka sahihi, wakazitunza, wengine wakazila. Ofisi iliyozileta siitaji kwa sababu sijui zilikwama wapi, na waliozishusha kwenye gari walikuwa vijana wenye haya usoni. Lakini kama wenye mamlaka wanasoma, nawaomba kwa heshima: mahindi ya kula yakichelewa wiki, mtu ataazima kwa jirani. Mbegu ikichelewa wiki tatu, mtu huyo atahitaji mahindi ya kula mwaka mzima. Magodoro yangeweza kusubiri.

Tulichoweza kukifanya kikundi kwa watu wetu tisa, waliokuwa nje ya kikundi hawakukipata. Na hata ndani, hatukuwahi kwa wote.

Mke wa mtoto wa shangazi, yule wa "nina marejesho Jumamosi", hakuja kikao kile. Alikuwa ameshaona njia nyingine. Alichukua mkopo wa shilingi 200,000 kwa watu wa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kali, waliokuja na pikipiki, wiki ya pili ya maafa, wakati udongo haujakauka. Masharti: anarejesha 10,000 kila siku kwa siku 30. Piga hesabu mwenyewe. Laki tatu. Benki Kuu imeweka kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wenye leseni wasio benki, ambayo kwa laki mbili ni shilingi 7,000. Yeye alitozwa 100,000. Hakuna aliyemwambia, na aliyekuwa anaijua kanuni hiyo, yaani mimi, alikuwa anahesabu mbuzi waliokufa.

Alitaka pesa hizo alipe kikundi. Nilipolisikia hilo nililazimika kukaa chini. Alikopa kwa riba ya nusu ya mkopo ili alipe deni ambalo sisi siku hiyo hiyo, chini ya mwembe, tulikuwa tunalisimamisha.

Siku ya kumi na mbili alishindwa. Wakaja asubuhi, vijana wawili na dada mmoja mwenye orodha. Walichukua redio, kitanda walichoazimwa na jirani, na plau la kukokotwa na ng'ombe. Plau lilikuwa la shangazi. Shangazi aliwasihi kwa heshima, akawaita wanangu. Akawaambia, "Chukueni mbuzi, yuko mmoja. Plau niachieni wiki mbili nilimie." Walimwambia hawakopeshi mbuzi.

Nilifika wameshaondoka. Shangazi alikuwa amekaa juu ya ndoo ya msaada, ile yenye nembo. Nikampa shikamoo, akaitika, kisha akaniambia, "Mwanangu, maji hayakuchukua plau. Lilikuwa chini ya tope nikalifukua kwa mikono. Wamelichukua watu."

Sijui kama nimewahi kukasirika namna ile. Nilimkasirikia pia yule mwanamke mdogo, nikamwambia maneno ambayo baadaye nilimwomba radhi. Alikuwa mtu mzima, alisaini mwenyewe, hakuuliza mumewe wala mama mkwe. Wajibu wake upo, siufuti. Lakini nilipompigia hesabu ya siku zake, niliona kila hatua ilikuwa hatua ya mtu anayetaka kulipa. Hakukimbia, hakulewa hizo pesa. Kosa lake lilikuwa kuogopa kutaja deni mbele ya watu akiwa amevaa kanga ya kuazima.

Tulikomboa plau kwa shilingi 110,000 kutoka kwenye mfuko wa jamii, na safari hii yule mama wa mchicha ndiye aliyetoa hoja. Liliporudi halikuwa na ncha yake. Fundi wa kijijini akatengeneza nyingine kwa springi ya gari.

Nimeuliza kwa watu wa halmashauri habari za ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kukopesha vikundi, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za wenye ulemavu. Mikopo ile haina riba. Lakini ilikuwa imesimamishwa tangu mwaka 2023 kurekebisha utaratibu, na msimu wa maafa yetu dirisha lilikuwa limefungwa. Imerejea sasa, nasi tumejaza fomu. Nina ombi moja juu yake, nalirudia kila mkutano wa kijiji hadi wamenizoea: maafa yakitokea, tathmini iwe na safu ya deni. Mtu unadaiwa na nani, kiasi gani, lini. Serikali isilipe, hakuna anayeomba ilipe. Ijue tu, ili mkuu wa wilaya awaite wakopeshaji wote, sisi VIKOBA tukiwamo, na kusema: miezi sita hakuna anayebeba plau la mtu. Sahihi moja. Haigharimu hata gunia.

Kwenye kaunta buku langu safu hiyo ya deni nimeichora mwenyewe, kwa rula, kalamu nyekundu. Mtendaji aliiona akatikisa kichwa, lakini hakuifuta.

Mavuno ya 2025 yalikuwa ya wastani. Katika wale tisa, sita wamemaliza. Wawili wanaendelea vizuri. Shangazi amejenga chumba kimoja cha matofali ya kuchoma huku juu, karibu na barabara, kwa michango ya ndugu na bati tatu kutoka kwangu, lakini msimu wa kuamia bado anashuka mbugani na turubai. Nimeacha kumgombeza. Naenda naye siku ninazoweza.

Aliyebaki ni yule mke wa mtoto wake. Aliondoka kwenda mjini Dodoma, akawa hapokei simu yangu, na kwenye vikao jina lake nililisoma mimi kwa niaba yake, kila wiki, kwa mwaka mzima, ili lisifutike.

Wiki iliyopita simu iliita kwa namba ngeni. Alikuwa yeye. Anauza chakula karibu na stendi. Aliniamkia, akauliza habari za watoto, habari za shangazi, habari za mvua. Kisha akauliza, "Dada, langu ni kiasi gani?"

Nikafungua daftari la kijani. "Laki tatu na elfu kumi na mbili."

"Haijaongezeka?"

"Haijaongezeka."

Akanyamaza kidogo. Nilisikia sufuria nyuma yake, na mteja anaagiza wali maharage.

"Nitatuma ishirini Ijumaa," akasema.

Ijumaa jioni iliingia kumi na tano. Nimeiandika.